Umbo Linapokakamaa Chini ya Rangi

SWALI: Ninajifunza kuchora mwili wa binadamu kwa mkaa, mbele ya mtu aliyekaa ili achorwe. Kila ninapoongeza rangi na vipande vya karatasi, umbo hukakamaa na mkaa huchafua rangi. Nifanyeje?

JIBU: Umbo hukakamaa kwa sababu unajaza rangi ndani ya mistari badala ya kuendelea kumtazama mtu. Anza na michoro ya sekunde 30 hadi dakika 2, ukitafuta uzito ulipo: anayesimama kwa kuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo kwa kawaida hushuka, na mwinamo huo ndio unaobeba uhai wote. Kwenye picha yenyewe, rangi itangulie mkaa, kwa madoa mapana yanayoufuata mwinamo huo. Bandika karatasi penye uzito, iache ikauke, ndipo urudi na mkaa. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, mwaka 1952, alikata maumbo ya wanawake katika karatasi iliyopakwa guashi (rangi nzito ya maji) ya buluu, na nafasi nyeupe kati ya vipande ndizo zinazoonyesha paja lilivyokunjwa. Zichunguze kwa makini. Ukitumia rangi ya mafuta, iweke juu ya akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) iliyokauka, kamwe si kinyume chake, maana akriliki haishiki vizuri juu ya mafuta na hatimaye hubanduka.