Mazoezi na arosto: kwa mnaoanza kujitolea

Wengi wenu mnaokuja kusaidia vijana wanaoacha unga, yaani heroini, hapa Mtwara mnafika na filimbi shingoni. Mmecheza mpira, wengine mmepita JKT, na mnaamini jasho linatoa sumu. Heroini haitoki kwa jasho. Ini na figo ndivyo vinavyoiondoa, na haviendi mbio kwa sababu mwenyewe anakimbizwa. Zoezi lina faida yake, ila inakuja baadaye kidogo.

Jueni kwanza arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa unga, inavyokwenda. Huanza ndani ya siku ileile ya kete ya mwisho: miayo, makamasi, machozi, vinyweleo kusimama. Kilele ni siku ya pili na ya tatu. Viungo vinauma, tumbo linakata, anaharisha, anatapika, miguu haitulii kitandani. Baada ya wiki hivi mwili hupoa. Siku za kilele usimkimbize mtu. Maji na chumvi vimemtoka, ukimpeleka ufukwe wa Shangani juani atakuangukia. Mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogokidogo, hata kama anatapika.

Zoezi lake siku hizo ni kutoka mlangoni hadi mwembeni na kurudi, nawe ubavuni kwake. Usiku miguu ikimsumbua, akae kitandani ameinyoosha, apitishe kanga kwenye nyayo, aivute taratibu mpaka shavu la mguu likaze, ahesabu hadi 30 kisha aachie. Rudieni hivyo mara kadhaa. Hapati usingizi wa maana, lakini anapata nusu saa ya kulala, na kwa mtu aliye katika hali ile nusu saa ni neema.

Haya nayasema kwa mtu wa unga. Aliyekuwa akinywa gongo asubuhi mpaka jioni, au akimeza vidonge vya usingizi kama valiamu kila siku, akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kupoteza maisha. Huyo asiachishwe nyumbani wala asifanyishwe zoezi lolote, mpelekeni hospitali. Na homa pia ni ya kuangalia. Arosto huleta baridi na kutetemeka, malaria nayo vivyo hivyo, na huku kusini mbu hatujawashinda. Mwili ukichemka, pimeni kwanza.

Wiki ya kwanza ikipita, ndipo kazi yenu inapoanza. Maumivu yameisha, ndugu wanasema amepona, kumbe mwenyewe anakesha macho makavu, hana raha ya chochote na siku haina mwisho. Zamani muda wake wote ulikuwa na shughuli: kutafuta hela, kutafuta kete, kujificha. Sasa saa zimebaki tupu. Ubongo uliozoea raha ya kununua umepunguza ya kwake, na huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kurudi sawa. Mchakamchaka wa asubuhi unasaidia hapo: mwili unatengeneza vituliza maumivu vyake wenyewe, uchovu wa halali unaleta usingizi, na anayejua anasubiriwa alfajiri ana sababu ya kuamka. Mimi hii ya mwisho naiona kubwa kuliko zote, ingawa wataalamu huzungumza zaidi juu ya ubongo.

Hamu nayo hupanda, ikakaa kidogo, ikashuka. Ikimshika, msikae kumhubiria. Ondokeni, tembeeni haraka dakika 15 huku mkizungumza mambo mengine, hata ya Simba na Yanga.

Njia ya kukimbilia ichagueni kwa makini. Maji yakiwa yamekupwa mchanga wa karibu na bahari ni mgumu na miguu haizami, lakini saa ya kupwa inasogea kila siku, kwa hiyo waulizeni wavuvi. Raba si lazima, ila peku angalieni chupa zilizovunjika. Wiki za mwanzo kuogelea hapana. Misuli ya mtu dhaifu hukaza ghafla majini. Na njia isipite kijiweni kwake. Kuna vijana ambao kona moja tu, au sura ya mtu mmoja kwenye benchi, inatosha kuwapandishia hamu yote. Muulize mwenyewe zilipo kona hizo, atakutajia zote. Mpira ni mzuri, ila tazameni baada ya filimbi ya mwisho wanaelekea wapi.

Aliye kwenye methadoni, dawa ya hospitali inayotolewa badala ya unga, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, afanye mazoezi kama wengine na aendelee na dozi yake. Asiingie kishawishi cha kuiacha kwa kuwa sasa ana nguvu. Akipata kizunguzungu au moyo kwenda ovyo akikimbia, asimame, daktari aambiwe siku hiyohiyo. Mwenye jipu la sindano mguuni au kikohozi cha wiki mbili atibiwe kwanza.

Wapo watakaorudi kwenye unga. Akikosa kutokea asubuhi mbili, mfuateni, na kabla ya lolote mwambieni kwamba mwili uliokaa bila unga haubebi tena kipimo cha zamani. Wengi hufa kwa dozi waliyoimudu mwezi uliopita. Akirudi, anaanza tena na mwembe. Msimrudishe kwenye mbio za kundi kwa kumwonea haya.

Msimu wa korosho mjipange zaidi. Kuanzia Oktoba fedha za mnada zinaingia majumbani, na anayeuza unga anajua hilo kuliko sisi. Kipindi hicho sisi huongeza zoezi la jioni, saa 11 mpaka magharibi, kisha tunakula pamoja.