Virusi havizaliani

Swali: Mimi ni mkunga katika zahanati moja ya Temeke. Kwenye bango letu la tetekuwanga na mkanda wa jeshi niliandika kwamba “wadudu hawa huzaliana ndani ya seli”. Mwenzangu anataka niandike “hujizalisha”. Nani amepatia?

Jibu: Hakuna aliyepatia, na nalisema hili kwa uchungu kwa kuwa kosa lenyewe nakutana nalo karibu kila wiki. “Wadudu” nitawavumilia barazani, lakini si kwenye bango la zahanati; virusi, neno ambalo asili yake ni Kilatini kwa maana ya sumu, havili wala havipumui.

Kinachonikera hasa ni “kuzaliana”. Panya huzaliana kwa sababu yupo mzazi, naye akishazaa hubaki panya yuleyule. Kirusi cha mkanda wa jeshi huacha utando wake mlangoni mwa seli, gamba lake likasafiri hadi kwenye kiini, na DNA, yaani maelekezo yake ya urithi, peke yake ndiyo inayoingia humo. Huyo mzazi hayupo tena. “Kujizalisha” ni kubaya zaidi, na wewe unayezalisha akina mama usiku kucha ulipaswa kulikataa kabla yangu.

Kitenzi tunacho: kuunda. Mafundi wa pwani yetu huunda majahazi, wala hakuna aliyewahi kusema kwamba jahazi limezaliwa, kwa maana kila mtu ameona mbao zikichongwa, kiunzi kikisimamishwa na ubao ukipigiliwa juu ya ubao. Ndani ya seli mambo ni hayohayo. Protini zilizotengenezwa nje ya kiini huingizwa ndani yake, zikajipanga kuzunguka kiunzi cha muda (neno ambalo nalo limetokana na kuunda) hadi likapatikana gamba la pande 20. Kisha kiunzi huondolewa na DNA ikashindiliwa ndani kupitia lango lililopo kwenye pembe moja tu kati ya pembe 12. Gamba lililojaa huvishwa utando wa ndani wa kiini, likavuliwa linapopita ule wa nje, na huko nje ya kiini likaongezewa tabaka la protini pamoja na utando wa mwisho, ndipo chombo kinapotoka kwenda kushambulia seli nyingine.

Andika basi: “Virusi hivi huundwa kwa wingi ndani ya seli.” Hao wadudu wafute leo.