Mkuu usipeleke hiyo impela kupigwa kromi, soma hapa kwanza

Mkuu, hiyo oda isimamishe leo leo. Umesema pampu yako inavuta maji yenye mchanga, impela (lile gurudumu la mabawa linalozunguka ndani kusukuma maji) ya chuma cha kawaida inaisha haraka, bendi ya kutolea, yaani kona ya bomba, inatoboka, fundi kakushauri upige kromi ngumu. Hiyo ya kromi ndo imenitoa mafichoni, maana alichokwambia huyo fundi ndo hicho hicho tulichoambiwa sisi, neno kwa neno.

Tuliambiwa kromi ina ugumu wa 900 Vickers (kipimo cha ugumu, namba kubwa ndo kigumu zaidi), chuma cha kawaida hata 200 hakifiki, kwa hiyo mchanga utateleza tu. Namba ni za kweli. Alichonyamazia fundi wetu ni kwamba chembe za kwatzi, ambazo ndo mchanga wenyewe, zinafika 1100 hivi. Yaani mchanga bado ni mgumu kuliko kromi, utaikata tu. Halafu kromi ya kuchovya ina nyufa nyembamba mno, huzioni kwa macho, zipo tangu inatoka kwenye tangi. Maji yanapenya humo, chuma cha chini kinashika kutu, tabaka linainuka. Tulipofungua pampu, kwenye mabawa ya impela pale maji yanapoingilia kromi ilikuwa inabanduka vipande, ukucha unaingia chini yake na kuinyanyua, na palipobanduka pamechimbika vibaya kwa sababu kwenye ule ukingo maji yanavurugika na mchanga unazunguka hapo hapo. Upande mmoja ukabanduka kuliko mwingine, balansi ikapotea, pampu ikaanza kutetema, beringi zikafa, shafti nayo ikaliwa. Hela ya kromi ndo ilikuwa ndogo kuliko zote tulizolipa baada ya hapo! Tulivyorudi kwake akasema "mchanga wenu mkali sana", na mchanga huo tulimpelekea kwenye ndoo kabla hajaanza kazi, akaushika kwa mkono wake, akasema hamna shida. Mtu wa hivyo bado ana karakana na bado anashauri watu, inaniuma sana.

Sasa shika hili: jua kwanza mchanga unapiga kwa pembe gani, ndo uje kuulizia ugumu. Ukipita kwa kulalia, nyuzi 15 hadi 30 hivi, metali inayonyumbulika ndo inaliwa zaidi kwa sababu kila chembe inachonga kama patasi, na hapo ugumu unasaidia kweli. Ukigonga uso kwa uso, karibu na nyuzi 90, mambo yanageuka, kitu kigumu kikavu kinapasukapasuka na raba inayodunda inaweza kukizidi mbali. Si jambo jipya hili, mtafiti Finnie alishaandika hesabu za huko kuchongwa mwaka 1960. Na chuma kilichochakaa kinakuonyesha chenyewe: ukiona mistari na vijiwimbi vinavyofuata mkondo ujue kinachongwa, ukiona vishimo vimetapakaa bila mwelekeo ujue kinagongwa.

Kama kinachongwa, tafuta impela ya chuma cha kusubu chenye kromi nyingi, kama 27% hivi. Hiyo kromi imo ndani ya chuma chenyewe, haijapakwa juu, na makabaidi yake, yaani chembe ngumu za kromi na kaboni zilizomo ndani, yako kama 1200 hadi 1600 Vickers, yanauzidi mchanga, tena ni unene wote. Ila ni kikavu, usikipige nyundo wakati wa kufunga na usikiletee mawe makubwa. Kotingi ya tangsteni kabaidi ni nzuri, sibishi, lakini unene wake ni sehemu ndogo tu ya milimita, ikishatoboka umerudi kwenye chuma laini. Chuma cha manganizi usikubali kuuziwa kwa kazi hii, kile kinahitaji kipigo kizito cha mawe ndo kigeuke kigumu, mchanga mdogo haukipigi vya kutosha kinabaki na 200 zake za Brinell (kipimo kingine cha ugumu). Stenlesi inazuia kutu lakini ni laini, na mchanga unaukwangua ule utando unaoikinga kila ukijijenga. Raba kwa mchanga mdogo wa duara iko vizuri sana, kwa mawe yenye ncha au maji yenye mafuta hapana.

Bendi yenyewe kabla hujabadili chuma angalia spidi, maana spidi ikizidi mara mbili uliwaji unaweza kuzidi mara 4 hadi 8. Bomba pana zaidi na bendi yenye mkunjo mrefu vinasaidia kuliko kupaka chochote.

Fungua impela ya zamani, ioshe, piga picha pale maji yanapoingilia na kwenye ncha za nje, ziweke hapa tuone alama. Na huyo fundi mwambie akuonyeshe impela aliyoipiga kromi ikafanya kazi kwenye mchanga ikarudi, sio ile inayong'aa mezani kwake.