Canon 80D: kwa nini vitufe na ISO vinarudi vyenyewe, na jinsi ya kuvipanga vitulie

Mkuu, kwa maelezo yako kamera ni nzima, usiipeleke kwa fundi. Umesema umehamishia fokasi kwenye AF-ON (kitufe cha nyuma cha kidole gumba) na inakubali vizuri ukiwa M (modi ya kupanga kila kitu mwenyewe), ila ukigeuza C1 (modi ya mipangilio uliyoihifadhi) shata inarudi kushika fokasi kama zamani. Halafu ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) unayobadilisha ukumbini inarudi ile ya mwanzo kila kamera ikilala. Hayo ni mambo mawili, na yote yanatokana na jinsi 80D inavyotunza C1 na C2.

C1 ni nakala. Siku uliyoisajili, kamera ilinakili kila kitu kilivyokuwa dakika ile: modi, spidi ya shata, apecha, ISO, ubora wa picha, white balance, aina ya fokasi, pamoja na mipangilio ya C.Fn (Custom Functions). Custom Controls, yaani kazi za vitufe, imo ndani ya C.Fn. Ukibadilisha vitufe baadaye ukiwa M, nakala iliyoko C1 inabaki na vitufe vya zamani. Kwa hiyo utaratibu ni huu: vitufe kwanza, C1 na C2 mwisho kabisa. Kwa kuwa yako imeshasajiliwa, geuza gurudumu la modi uweke C1, ingia Custom Controls urekebishe vitufe ukiwa humo humo, kisha nenda kurasa za njano zenye alama ya spana, Custom shooting mode (C1, C2), Register settings, chagua C1, OK. Rudia hivyo hivyo kwa C2.

ISO inarudi kwa sababu ya Auto update set, ambayo ipo kwenye menyu hiyo hiyo. Ikiwa Disable, mabadiliko yote unayofanya ndani ya C1 yanafutika kamera ikizimwa, na kulala kwa Auto power off kunahesabika kama kuzimwa. Ikiwa Enable, kila unachogusa kinaandikwa juu ya nakala. Wengi wakishagundua hilo hukimbilia Enable. Mimi nashauri uiache Disable, maana faida ya C1 ni kuwa na mahali unapopajua pa kurudi. Ukiweka Enable, baada ya shughuli tatu C1 inakuwa mchanganyiko wa kumbi zote tatu. Ongeza muda wa Auto power off badala yake. Dakika 1 ni fupi mno kwa shughuli, weka 8. Ukipiga kwa kuchungulia kwenye kidirisha, betri ya LP-E6N haitaumia kwa hilo.

Sasa vitufe vyenyewe. Menyu ya rangi ya chungwa, C.Fn III, Custom Controls. Utaona mchoro wa kamera na orodha ya vitufe.

Shata ikibonyezwa nusu: weka Metering start. Hapo inapima mwanga tu na kuiamsha IS (kizuia mtikisiko) ya lenzi, fokasi haigusi. AF-ON: Metering and AF start. Kitufe cha nyota kiache kwenye AE lock (kufunga kipimo cha mwanga). Najua wapo wanaoweka fokasi kwenye nyota pia ili kidole gumba kisikosee, lakini ukiwa na flashi nyota ndiyo inayofunga kipimo cha flashi, na bibi harusi mwenye gauni jeupe aliyesimama mbele ya pazia jeusi utamhitajia kitufe hicho.

Kitu kimoja ambacho watu hawaambiwi kuhusu fokasi ya nyuma: ukiwa One Shot (fokasi inayoshika mara moja na kutulia) na fokasi iko kwenye shata, kamera hukataa kupiga hadi ishike. Ukishaihamisha, kinga hiyo inabaki pale tu unapokuwa umeshikilia AF-ON. Ukiiachia, shata inapiga wakati wowote, hata kama mtu amesogea hatua mbili mbele. Kwa f/1.8 na lenzi ya 50mm, hatua mbili ni picha ya kutupa. Basi kidole gumba lazima kizoee: kila mtu akisogea, bonyeza tena. Taimeri nayo na rimoti ni hivyo hivyo, shika fokasi kwa AF-ON kwanza ndipo uianze.

Watu husikia kwamba ukitumia AF-ON unaweza kuiacha kamera kwenye AI Servo (fokasi inayofuata kitu kinachosogea) moja kwa moja, maana ukishikilia inafuata na ukiachia inaganda. Mchana ni kweli. Usiku ukumbini, hapana. Taa nyekundu ya flashi inayosaidia fokasi haiwaki kabisa kwenye AI Servo. Inawaka kwenye One Shot tu. Hapo ndipo utaona lenzi inakwenda mbele na kurudi nyuma, haishiki, huku maharusi wanaingia. Kabla ya kulaumu lenzi, angalia kama uko AI Servo.

Dawa yake ni kitufe cha depth-of-field preview, kile kidogo cha mbele karibu na mdomo wa lenzi, ambacho wengi hawajawahi kukibonyeza. Kwenye Custom Controls kipe kazi ya ONE SHOT/AI SERVO. Ukiwa One Shot, ukikishikilia kamera inakuwa AI Servo, ukikiachia inarudi. Kwa hiyo C1 ya ukumbini isajili ikiwa One Shot, na wakianza kucheza shikilia kitufe hicho pamoja na AF-ON. Vidole vitagoma siku mbili za kwanza, fanyia mazoezi nyumbani.

Multi-controller, ile ya kubonyeza pande nane: ipe AF point direct selection. Kabla ya hapo inabidi ubonyeze kwanza kitufe cha kuchagua pointi ya fokasi ndipo uihamishe, na kwa pointi 45 hiyo ni kazi ya kuchosha. Tatizo lake ni kwamba gumba au kitambi kinaisukuma pointi pembeni bila wewe kujua wakati kamera inaning'inia kwenye mkanda. Fungua Multi function lock kwenye menyu, weka tiki kwenye Multi-controller peke yake, halafu tumia swichi ya LOCK iliyo nyuma ukiwa unatembea. Usitie tiki Main Dial (gurudumu la mbele). Ukifunga gurudumu la mbele ukasahau, utaona herufi L kwenye kidirisha na spidi haibadiliki, na huo ndio mwanzo wa kudhani gurudumu limekufa.

SET: weka Exposure compensation (hold button, turn main dial). Kazi hii ina maana kubwa ukipiga M na ISO Auto, kwa sababu katika hali hiyo gurudumu la nyuma linashikilia apecha na hakuna njia nyingine ya haraka ya kung'arisha au kufifisha. Bonyeza SET, zungusha gurudumu la mbele, basi. Ukiwa na flashi usitumie ISO Auto, weka namba mwenyewe.

Vitufe vikishakaa, ndipo C1 na C2. Kwa kuanzia, C1 ya ukumbini na flashi: M, 1/160, f/4, ISO 1600, One Shot, RAW. C2 ya nje yenye mwendo: M, 1/500, f/4, ISO Auto, AI Servo, drive ya kasi ambayo kwa 80D ni picha 7 kwa sekunde. Hizo ni namba za kuanzia, ukumbi wenye dari jeupe la kurudishia flashi utakuruhusu kushuka hadi ISO 800.

My Menu haisajiliwi ndani ya C1 wala C2, ni moja kwa kamera nzima, kwa hiyo ipange wakati wowote. Nyota ya kijani, Add My Menu tab, halafu Configure, Select items to register. Kila ukurasa unabeba vitu 6 na kurasa ni hadi 5, lakini mmoja unatosha. Weka Format card, Flash control, ISO speed settings, Custom shooting mode, Battery info na Multi function lock. Kwenye Menu display chagua Display from My Menu tab. Ukichagua Display only My Menu tab kurasa nyingine zote zinapotea machoni. Hazijafutika, rudi hapo hapo uweke Normal display.

Ukimpa mtu kamera akupige picha, geuza gurudumu la modi uweke A+ (otomatiki). Kule Custom Controls haifanyi kazi, shata inashika fokasi kama kawaida, na picha itatoka.

Kwa wenye 1300D au 200D wanaosoma hapa: C1 hamna, na fokasi ya nyuma mnaipanga kwenye C.Fn, Shutter/AE lock button. Chagua namba 3, AE/AF, no AE lock. Fokasi inahamia kwenye nyota. Namba 1 nayo inaihamisha, ila inafunga kipimo cha mwanga ukibonyeza shata nusu, na kwa mtu anayetembea kutoka kivulini kwenda juani picha zitaungua.

Ukivuruga na kutaka kuanza upya, kuna mitego miwili. Clear all camera settings na Clear all Custom Func. hazikubali gurudumu likiwa C1 au C2, geuza M kwanza. Na hata ukifuta C.Fn zote, kazi za vitufe hazifutiki nazo. Ingia Custom Controls yenyewe ubonyeze kitufe cha pipa la taka.

Ukimaliza kusajili, jaribu hivi katika M, C1 na C2, moja baada ya nyingine: elekeza kwenye kitu cha karibu, bonyeza AF-ON, iachie, kisha elekeza mbali ubonyeze shata nusu. Lenzi ikijizungusha, modi hiyo bado ina nakala ya zamani, isajili tena.