Fundi, nitupe televisheni yangu?

Swali: Fundi, jambo sana. Ninakaa Kadutu, hapa Bukavu, nyumba yetu iko katikati ya mteremko. Televisheni yangu ni ile yenye mgongo mkubwa, aliyoiacha marehemu mume wangu. Miaka yote ilikuwa na chengachenga, lakini habari tulikuwa tunaona. Mwanangu akaniletea dekoda ya antene. Wiki ya kwanza picha ilikuwa safi kabisa. Siku hizi mvua ikinyesha tu inakatika vipandevipande, sauti inakwama, kisha yanatokea maandishi kwamba hakuna sinyali. Muuzaji anasema televisheni imekwisha, ninunue bapa pamoja na antene ya dijitali. Ni kweli? Na kwa nini nchi zinaacha analogi iliyokuwa inatutosha?
*Mjane wa Kadutu*

Jibu: Jambo sana, mama yangu. Hela hiyo usiitoe. Inaniuma kusikia mjane anaambiwa atupe kitu kizima.

Leo jioni, picha ikikatika, bonyeza menyu kwenye rimoti ya dekoda. Menyu inatoka ndani ya dekoda yenyewe, haipiti kwenye antene. Ikionekana imetulia, herufi zinasomeka na rangi ziko sawa, basi televisheni ni nzima, na ile waya ya njano inayobeba picha pia haina kosa (nyekundu na nyeupe zinabeba sauti). Ugonjwa uko juu ya bati.

Zile chengachenga za zamani ndizo zilikuwa zinakuambia kwamba sinyali inafika kwako ikiwa dhaifu. Analogi hufifia polepole, na jicho linavumilia. Dijitali hutuma picha kwa tarakimu. Tarakimu chache zikipotea, dekoda inazirekebisha wala huoni kitu. Zikipotea nyingi inashindwa, na picha inaganda palepale. Hakuna katikati.

Na hilo la mvua linanionyesha pa kutafuta. Sahani la setilaiti huweza kukatika kwa mvua yenyewe, lakini antene ya vijiti haisumbuliwi sana na mvua. Inasumbuliwa na maji yaliyoingia kwenye kebo. Kuna nyumba moja ya mteremkoni nilipanda juu, nikakuta kebo imeungwa kwa kusokotwa na mkono, kisha ikazungushiwa mfuko wa plastiki. Nilipofungua, shaba ilikuwa imegeuka kijani na maji yakanidondokea kiganjani. Tulivuta kebo moja mpya, bila kiungo njiani, na dekoda ikapona siku ileile.

Antene ya dijitali ni jina la dukani. Antene haijui kama wimbi limebeba analogi au dijitali. Inachojua ni masafa, na kwa UHF, yaani masafa ya juu ya televisheni, vijiti vyake huwa vifupi. Mji wetu ni vilima, kwa hiyo iinueni juu kuliko bati la jirani na muielekeze kwenye mnara. Mmoja aigeuze kidogokidogo, mwingine asome kipimo cha sinyali kwenye menyu. Mgongo wa televisheni msiufungue hata kidogo, kwa maana ndani hubaki umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya.

Kuhusu kuhama: analogi inakula nafasi nzima ya masafa, megahazi 8 kwenye UHF, kwa chaneli moja tu. Dijitali inapakia chaneli nyingi mahali palepale, na masafa yanayobaki hupewa intaneti ya simu. Mawimbi hayasimami mpakani Ruzizi kuonyesha pasipoti, ndiyo maana nchi za Afrika, Ulaya na jirani zake zilipatana Geneva mwaka 2006, tarehe ya mwisho ikawa 17 Juni 2015. Tanzania ilianza kuzima analogi Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na huko pia mwenye televisheni ya mgongo aliweza kuendelea nayo akiwa na dekoda.

Siku utakapotaka bapa kwa hiari yako, tafuta kwenye boksi herufi DVB-T2, yaani aina ya dijitali inayopokelewa kwa antene. Neno dijitali peke yake halitoshi.

Anza na kebo, mama. Ikiwa menyu yenyewe inatetemeka au rangi zimekimbia, niandikie tena, hapo utakuwa ugonjwa mwingine.