Barua kwa Mwanangu: Kama Ni Kweli Jukwaa Lilinikataa

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kutafuta kalamu. Unasema kwamba katika arusi ya binamu yako kule Moshi, mjomba wako alisema mezani, watu wakimsikia, kwamba dada yake aliimba opera Ujerumani mpaka jukwaa lilipomkataa, ndipo akawa mwalimu wa sauti. Wewe hukutaka kubishana na mkubwa wako mbele ya wageni, ukaamua kuniuliza mimi mwenyewe kama ni kweli, na kama ni kweli, iwapo ninajuta. Nitakujibu yote mawili.

La kwanza ni kweli. Jumba la opera lililoniajiri liliacha kunihitaji. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, na hukuelezwa. Waimbaji wa majumba ya miji huku huajiriwa kwa mshahara wa mwezi na kuimba lolote wanalopangiwa katika msimu, kwa hiyo mezo kama mimi, yaani sauti ya kike iliyo chini kidogo ya soprano, aliweza kuwa mtumishi wa Kijapani Jumamosi usiku na mvulana aliyepotea msituni Jumapili mchana. Mkataba ni wa msimu mmoja, lakini hujirefusha wenyewe mwaka hadi mwaka, isipokuwa upande mmoja uandike kwa wakati kwamba hautaki kuendelea. Aliyekaa zaidi ya miaka minane lazima aandikiwe kabla ya tarehe 31 Julai, yaani msimu mzima kabla ya kuondoka, na aliyepita miaka 15 hawezi tena kuachwa kwa njia hiyo. Wewe ni mtu wa hesabu, utaona mwenyewe ni miaka gani iliyo ya hatari. Barua yangu ilikuja Julai, mwishoni mwa msimu wa 13, baada ya mkurugenzi mpya kuniita ofisini na kunieleza kwa adabu nyingi kwamba anataka kuunda kundi lake. Nilikuwa na miaka 42 na sauti yangu haikuwa imeharibika. Nilianza kufundisha kwa sababu kodi ya nyumba haikusubiri.

Kwa hiyo mjomba wako hakusema uongo. Ninachokipinga ni lile neno lake "ndipo", kana kwamba ualimu ni ukoko unaobaki sufuriani jukwaa likishapakuliwa. (Ukoko wenyewe anaupenda kuliko wali, lakini hilo tuliache.)

Mchukue Todd Duncan, baritoni (sauti ya kiume iliyo kati ya teno na besi) Mmarekani mweusi aliyezaliwa Kentucky mwaka 1903. Mtunzi George Gershwin alipokuwa akitafuta mtu wa kuimba nafasi ya Porgy katika opera yake Porgy and Bess, alimpata Duncan akiwa tayari ni mwalimu wa sauti katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Aliiimba nafasi hiyo New York mwaka 1935. Mwaka uliofuata onyesho lilipofika Washington, yeye na wenzake walikataa kuimba katika ukumbi uliowafungia mlango watazamaji weusi, mpaka wenye ukumbi wakakubali watu wote wakae pamoja. Mwaka 1945 akawa mwimbaji mweusi wa kwanza wa New York City Opera. Katika muda wote kati ya Porgy na mwaka huo hakuacha kazi yake Howard, na baadaye, baada ya kuzunguka nchi nyingi akiimba, aliendelea kufundisha Washington hadi uzeeni, akafariki mwaka 1998 akiwa na miaka 95. Kwa mtu huyo ualimu ulitangulia jukwaa, ukaenda nalo bega kwa bega, ukaishi kuliko jukwaa. Hiyo "ndipo" ya mjomba wako sijui angeiweka wapi.

Kisa cha Manuel García, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1805, kingemfaa zaidi, maana huyo jukwaa lilimshinda kwelikweli. Alikuwa na miaka 20 alipoimba nafasi ya kinyozi Figaro kule New York mwaka 1825 katika kundi la baba yake, ambaye alikuwa teno mkali wa jina na wa tabia, na kijana alitumikishwa kiasi kwamba sauti ilimchakaa kabla hajafika miaka 30. Akageukia ualimu, kwanza Paris, kisha London, ambako alifundisha katika Royal Academy of Music tangu mwaka 1848 hadi 1895. Jenny Lind, soprano wa Uswidi, alimfikia mwaka 1841 akiwa na sauti iliyochoka vibaya, na somo la kwanza alilopewa lilikuwa kunyamaza kwa wiki nyingi. Ninampenda García zaidi kwa jambo la mwaka 1854. Alichukua kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha aina ile ya daktari wa meno, akashika kingine cha kurudisha mwanga wa jua, akajitazama kooni hadi akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kujifunga. Madaktari wa koo walikichukua kifaa hicho na kukiendeleza. Nadhani mwimbaji ambaye sauti yake ingali inamtii hana haja ya kuchungulia ndani hivyo. Aliyepotewa na yake ndiye huuliza ilikuwa ikifanyaje kazi.

Mimi sikuuliza mapema. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa mwalimu mbaya, na hilo mjomba wako halijui, la sivyo angelisema pia. Nililipwa kwa saa katika shule ya muziki ya mjini, bila senti wakati wa likizo, na nilichofundisha kilikuwa koo langu mwenyewe. Nilikuwa na msichana wa miaka 19, soprano mwepesi, sauti kama maji ya mtungini. Nikamwambia afungue koo zaidi, aishushe sauti kifuani, aifanye nzito, kwa sababu mimi nilipofanya hivyo jumba zima lilinisikia. Alinitii. Kabla ya mwaka kwisha noti zake za juu zilikuwa zinakatika, na siku moja akatoka katikati ya somo, akaenda kwa mwalimu mwingine aliyemtengeneza upya. Nilimwandikia kumwomba radhi, naye alinijibu kwa upole ambao sikuustahili. Baada ya hapo nilikwenda kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mmoja mzee, majira mawili ya baridi, nikisikiliza tu. Huko niligundua kwamba kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa nikisikiliza sauti za wenzangu ili nijue zangu niziingize wapi, na sijawahi kusikiliza hata moja ili nijue imekwama wapi.

Hujawahi kukaa ndani ya somo langu, basi nikupe la Jumatano iliyopita. Alikuja kijana baritoni, fundi seremala, taya limekaza kama mtu aliyeuma msumari. Sikumgusa taya, kwa sababu ukimwambia mtu alegeze taya atalikaza zaidi. Nilimpa mrija na glasi yenye maji ya kina cha vidole viwili, nikamwambia avume wimbo wake kupitia mrija huo, mapovu yakitoka sawasawa bila kuruka. Shinikizo dogo linalorudi kutoka majini huzisaidia nyuzi za sauti kukutana bila kupigana, na mtu anayecheka mapovu yake husahau kukaza chochote. Kisha nikamwambia aseme "maembe". Akaimeza e ya mwisho, kama Wajerumani wanavyozimeza e za mwisho wa maneno yao. Nikamrudisha: maembe, mezani, embe ni lake. Sisi tumezaliwa na irabu tano safi, na maneno yetu huishia kwenye irabu kama ya Waitaliano. Nilipofika huku Kiitaliano cha opera kilinijia kama ndugu, wakati ü ya Kijerumani ilinitoa jasho mwaka mzima. Kwa miaka mingi nilidhani huo ni ufundi wangu, kumbe ni lugha ya bibi yako. Kijana alipoipata ile e, nilikanyaga pedali ya kulia ya piano, nikamwambia aiimbe akiwa ameinamia nyuzi, na piano yenyewe ikaitikia. Alinyamaza, akaomba arudie.

Hiyo ndiyo kazi. Mwimbaji wa opera hana maikrofoni, naye husimama mbele ya okestra ambayo nguvu yake nyingi iko chini, karibu na hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde. Sauti iliyofunzwa hujikusanyia nguvu karibu na hezi 3,000, mahali ambapo okestra imepungua na sikio la binadamu ni jepesi, ikapita hapo. Mwimbaji hawezi kujisikia kama ukumbi unavyomsikia. Anahitaji sikio la mtu mwingine maisha yake yote, na mimi mwenyewe nilipokuwa nikiimba kila wiki sikuacha kwenda kwa mwalimu wangu.

Ninamshangaa mjomba wako kwa jambo moja zaidi. Yeye na mimi tulikulia kwenye kwaya ya usharika, tukijifunza do-re-mi ubaoni. Pale mwenye sauti nzuri aliitwa mwimbaji tu, kama wengine thelathini, na aliyesimama mbele akajua teno wa tatu kutoka kushoto amepotoka wapi ndiye aliyeitwa Mwalimu, nasi tulimwamkia njiani. Sijui ni lini cheo hicho kilishuka machoni pake. Labda aliposikia neno opera.

Sasa la kujuta. Nazikumbuka zile dakika ambazo okestra inapatanisha vyombo nami niko nyuma ya pazia. Sitakuficha, bado huniuma. Lakini kufundisha sikujutii. Ninachokijutia ni ule msimu wa 14, ambao niliuimba wote nikijua ni wa mwisho, bila kukuambia. Desemba ile nilivaa tena kaptula ya Hänsel, yule mvulana aliyepotea msituni, wewe ukiwa safu ya tatu na koti lako jekundu, na mlipokuja nyuma ya jukwaa uliniambia kwamba mwakani utaleta darasa lako lote. Nikasema vizuri, mwanangu. Juni nikairudisha kaptula katika ghala la mavazi, imefuliwa, na jina langu limeshonwa bado kiunoni, kwa sababu sikuwa na moyo wa kulifumua.

Mama yako