Meko yakiwaka, rafu ipumzike

Ukitafuta picha za kupamba rafu ya juu ya meko ya sebuleni, intaneti itakumwagia mambo ya Marekani na Ulaya. Oktoba ni majani mekundu na maboga. Desemba ni matawi ya kijani rafu nzima, soksi zinaning'inia, na chini yake moto unawaka. Picha zinapendeza, sikatai. Lakini mimi naishi Lushoto, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na moto wangu huwaka Juni hadi Agosti, wakati wenzetu wa huko wako ufukweni. Krismasi hutukuta madirisha wazi na plamsi mezani. Kalenda yao nimeiacha, nafuata ya moto wangu: meko yakiwaka, rafu inabaki karibu tupu, meko yakilala, ndipo napamba mpaka nichoke.

Walio Limuru, Kericho, Mufindi au Njombe nadhani mtanielewa. Nyumba nyingi zenye meko na dohani huku milimani zilijengwa enzi za mkoloni, na aliyezijenga alikuja na mazoea ya kwao. Si lazima na mapambo tuyarithi.

Kwanza ijue rafu yako. Washa moto wa kawaida, ule wa kuota jioni, uache ukolee saa nzima, halafu weka kiganja katikati ya rafu na usikiondoe. Ukiweza kukiacha bila tabu, vyombo vigumu vitakaa hapo salama. Ukikivuta haraka, hapo katikati usiweke kitu msimu wote wa baridi. Kisha pitisha kidole ukutani, juu ya rafu. Kikitoka cheusi, acha kwanza habari za mapambo. Moshi unarudi ndani, na dawa yake ni fundi wa kusafisha dohani au kuni kavu zaidi. Kuni mbichi ndio ugonjwa wa nyumba nyingi huku kwetu. Zinafukuta, zinatoa moshi mzito, na moshi huo ukipoa ndani ya dohani unaganda kuwa gamba jeusi la lami ambalo linaweza kushika moto. Mwati au mkaratusi uliopasuliwa mapema na kupangwa chini ya paa, penye upepo, ndio utakaokustahi ikifika Juni.

Tena rafu nyingi za zamani ni za mbao. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa Marekani zinataka mbao na kila kinachoungua kikae si chini ya inchi 6, yaani sentimita 15, kutoka mdomo wa meko, na kadiri kinavyochomoza mbele ndivyo kinavyotakiwa kuwa mbali zaidi. Ukisoma hayo, zile soksi juu ya moto unaowaka unazitazama kwa jicho jingine. (Na televisheni, jamani. Msiitundike juu ya meko yanayotumika. Joto na masizi si marafiki wa umeme, na shingo zitawauma.)

Basi kipupwe rafu yangu hubaki na vyombo vya shaba na udongo peke yake. Mimi ni mtu wa Tanga mjini, nimepanda mlima na mrashi wa bibi yangu, kile chombo cha kunyunyizia marashi, na chetezo kimoja cha kufukizia udi, vyote vya shaba. Vyote viwili havijali joto, na mwanga wa moto ukivipiga usiku, huhitaji pambo jingine. Pembeni kabisa, mbali na katikati, naegemeza sahani moja ya kaure. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu walipanga zidaka, yaani vishimo vya kuwekea vitu, ukutani safu kwa safu, wakaweka humo sahani za Kichina na vyombo vya thamani, kila kimoja na kidaka chake. Jicho linajua pa kutua. Rafu ya meko haina vidaka, kwa hiyo nafasi uiache wewe mwenyewe kati ya chombo na chombo. Shoga zangu wa Tanga wakija wananiuliza mbona rafu imepoa hivi. Waje Desemba.

Shaba iliyofifia usiinunulie dawa dukani. Chekecha majivu ya meko hayo hayo kwa chujio la chai, kata limau, chovya, sugua kwa mkono. Utaona maji yanageuka ya kijani kibichi, na chini yake rangi ya dhahabu inatokeza kidogo kidogo, kwenye nakshi ikichelewa. Suuza na ukaushe papo hapo kwa kitambaa, la sivyo madoa ya maji yanabaki. Ukwaju nao unafanya kazi hiyo hiyo vizuri sana. Ila chombo kilichopakwa fedha juu juu usikipeleke kwenye majivu, yatakwangua ngozi yote.

Mishumaa, hapana. Hata usipoiwasha, joto la chini linailegeza, na asubuhi unaikuta imeinamiana kama wazee kwenye hotuba ndefu ya mgeni rasmi.

Septemba moto ukizimwa kwa msimu, kazi inahamia chini. Zoa majivu, ya shaba weka kando, mengine yapeleke bustanini kwa kiasi. Tazama juu ya dohani, kwa sababu ndege hupenda kujenga humo, na vuli ikianza maji huteremka na kuleta harufu ya masizi nyumba nzima. Kifuniko cha bati juu ya dohani ni rahisi kuliko uvumba wa kufukuza harufu hiyo kila siku. Halafu jaza ule mdomo mweusi, usiuache ukikodoa macho. Mimi hupanga magogo mafupi, vichwa vikitazama sebuleni, au naweka kapu kubwa la ukindu. Kangaga ndani ya chungu inapendeza pia, ila mle ndani mna giza, hivyo itoe nje kila baada ya siku chache.

Juu ya rafu, vuli ni msimu wa vyungu vidogo. Kuna ua moja ambalo dunia nzima inalipanda madirishani na asili yake ni milima yetu hii ya Usambara: lile la zambarau, majani manene yenye manyoya. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huku, alipeleka mbegu zake kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia, linalotokana na ukoo wake. Ulaya huliuza kila duka la maua, na sisi wenyeji tunanunua maua ya plastiki. Linataka mwanga usio wa jua kali na linachukia maji juu ya majani, mwagilia kwenye sahani ya chini. Nunua lililooteshwa kitaluni. Usiende kulichimba porini, na hata matawi na kuvu za kupendeza za msitu wa Magamba ziache zilipo, ile ni hifadhi ya mazingira asilia.

Sasa Desemba. Hapa ndipo uzuri wa kuishi upande huu wa dunia unapoonekana, maana yale matawi mabichi ambayo wenzetu huyatandaza juu ya moto, sisi tunayatandaza juu ya meko yaliyolala. Misaipresi ya uzio inahitaji kukatwa hata hivyo. Kata matawi marefu kama mkono, yafunge moja juu ya jingine kwa kamba ya katani, vichwa vyote upande mmoja, kisha tengeneza mafungu mawili yatakayokutana katikati. Yaache yaning'inie kidogo kwenye ncha. Taa ndogo za LED zinatosha, hazichemki. Baada ya wiki mbili tatu ukiyagusa yanapukutika, basi yameshakuwa vibiriti. Yatoe, na usiyatupe ndani ya meko kwa pamoja.

Kuna kitu kimoja watoto hawachoki nacho, matunda ya msonobari. Msonobari unaopandwa sana kwenye mashamba ya miti huku ni aina ya Mexico, na baadhi ya matunda yake hukaa yamefumba mtini miaka hata joto liyafungue. Okota yaliyofumba, yapige brashi, yaweke kwenye oveni ya moto mdogo juu ya karatasi ya kuokea, usiondoke hapo. Utasikia yanapasuka taratibu, magamba yanaachana, utomvu unang'aa, na mbegu zenye bawa zinamwagika. Wadudu nao wanaisha. Ukishayapanga juu ya rafu yatakupa na habari za hewa: siku kavu yanakaa wazi, unyevu ukizidi yanafumba tena. Usiyapake rangi ya dhahabu. Ni maoni yangu tu, lakini usiyapake.

Januari ni bakuli la matunda. Peasi ngumu ndizo zinazodumu. Plamsi zina rangi kushinda zote ila zikiiva huchuruzika na doa lake kwenye mbao halitoki, kwa hiyo tandika sahani chini, na ukiona vijidudu vinazunguka, kuleni.

Masika sina maneno mengi. Kila kilichokauka kinaota ukungu, kwa hiyo maua makavu, makapu na matunda ya msonobari naviingiza kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka mvua zipungue. Natumia chupa za kioo na yale mayungiyungi meupe yanayoota mifereji yote, shina moja kwa chupa, yanakaa zaidi ya wiki. Yaweke juu kweli kweli kama una mtoto mdogo au paka, utomvu wake unawasha mdomo na koo vibaya.

Kinachonisumbua kwenye mpango huu wa misimu ni Eid. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo Eid inaweza kuangukia masika, miaka mingine kiangazi, na zamu yake ikifika itaangukia katikati ya baridi. Ndiyo maana vitu vya Eid nina sanduku lake peke yake, havichanganyiki na vya msimu wowote: kitambaa cheupe cha darizi, vikombe vya kahawa, taa za kioo. Ikiangukia meko yamelala, vyote vinatoka na mawaridi juu. Ikiangukia moto unawaka, kitambaa kinabaki sandukuni. Chetezo kitakuwa tayari kiko pale juu, nawe huna haja ya kununua makaa ya udi. Chota kaa jekundu la mwati kwa koleo, subiri livae majivu meupe, ndipo uweke udi. La msonobari usilichote, ukali wa utomvu wake unameza harufu yote na udi wenyewe bei unaijua.